Takwimu za Mhusika Katika Mchezo wa Mezani

Mchezo wa kuigiza wahusika mezani ni mchezo wa masimulizi ambao watu wachache hukaa pamoja, kila mmoja akichukua nafasi ya mtu wa kubuni, huku mmoja wao, anayeitwa mwendeshaji, akieleza mazingira, akisema kwa niaba ya maadui na wapita njia, na kuamua matokeo ya yale ambayo wenzake wanataka wahusika wao wayafanye. Mchezo huu hauna ubao wa lazima, wala hauna mshindi wa mwisho kama drafti au bao, na vifaa vyake vikuu ni penseli, karatasi na dadu. Katika karatasi ya kila mchezaji huandikwa tarakimu chache zinazoonyesha mhusika wake ana nguvu kiasi gani, ni mwepesi kiasi gani, ana akili kiasi gani na anaweza kustahimili majeraha mangapi, na tarakimu hizo kwa pamoja ndizo zinazoitwa takwimu za mhusika. Mazungumzo ya leo yanahusu namna zinavyotungwa, hasa na mtu anayetaka kubuni mchezo mwepesi wa kuchezwa jioni moja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba takwimu ni makubaliano yanayofungwa mapema kuhusu bahati, yaani ni mara ngapi mhusika atafaulu anapojaribu jambo fulani, na kwamba wabunifu wengi hujitaabisha bure kwa sababu huanza na sura ya mtu ilhali wangepaswa kuanza na dadu.

Haja ya kuweka tarakimu iliitangulia michezo hii kwa karne moja na nusu. Mwaka 1824, luteni wa mizinga wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliokusudiwa kuwafunza maofisa, ambamo vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo juu ya ramani, makamanda wakampa mwamuzi amri zao, naye mwamuzi akarusha dadu na kusoma majedwali ili ajue risasi zimekipunguza kikosi kwa kiasi gani. Mambo mawili ya mchezo huo yamerithiwa hadi leo. La kwanza ni mwamuzi mwenyewe, ambaye ndiye babu wa mwendeshaji. La pili ni wazo kwamba ustahimilivu unaweza kuhesabiwa, kikosi kikipewa idadi fulani ya pointi zinazopungua kadiri kinavyopigwa, mpaka kinapoondolewa mezani.

Mwezi Januari 1974, Gary Gygax, mkazi wa mji wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa. Wote wawili walitoka katika vikundi vya watu wazima waliocheza vita kwa sanamu ndogo za askari, na Gygax pamoja na Jeff Perren walikuwa wameshatoa, mwaka 1971, kanuni za mapigano ya zama za kati zilizoitwa Chainmail, ambamo askari wa kawaida akipigwa alikufa papo hapo. Jambo hilo linavumilika pale mchezaji anapoongoza jeshi la askari hamsini, lakini halivumiliki anapokuwa na mtu mmoja tu aliyempa jina na kumzoea. Arneson alitafuta dawa katika kanuni za michezo ya manowari, ambamo meli huhimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama, na kutoka huko yakaja yale yanayoitwa pointi za uhai, yaani akiba inayopungua kwa kila jeraha na kumalizika kwa kifo. Tarakimu iliyoenea kuliko zote katika michezo hii, ambayo leo inajulikana hata kwa mtoto anayecheza mchezo wa vita kwenye simu, ilikuwa ya chuma kabla haijawa ya nyama.

Waandishi hao walimpa kila mhusika sifa sita, na sifa hapa ina maana ya uwezo wa asili ambao mtu huja nao kabla ya kujifunza kazi yoyote: nguvu, akili, busara, afya ya mwili, wepesi na mvuto wa haiba. Kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za pande sita na kuzijumlisha, hivyo jumla ndogo kabisa ikawa 3 na kubwa kabisa 18. Utaratibu huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna siri ya hesabu inayotawala michezo mingi. Dadu moja haina upendeleo, kila upande ukiwa na nafasi sawa ya kutokea. Lakini dadu tatu zikijumlishwa, jumla za katikati hupata njia nyingi za kutokea na jumla za pembeni hupata chache. Matokeo yote yanayowezekana ni 216, yaani sita mara sita mara sita. Kati ya hayo, 18 hupatikana kwa njia moja tu, pale dadu zote tatu zinapoonyesha sita, wakati 10 hupatikana kwa njia 27, na 11 vilevile. Wastani ni 10.5, na karibu nusu ya marusho yote, 104 kati ya 216, huangukia kati ya 9 na 12. Ukichora matokeo haya kwa milia juu ya karatasi, utapata kilima kilichoinuka katikati na kuteremka pande zote mbili, na kilima hicho ndicho kinachowafanya wahusika wengi wawe watu wa kawaida, huku mwenye 18 katika walau sifa moja kati ya sita akitokea takriban mara moja katika kila wahusika 36.

Ajabu ni kwamba mwaka 1974 tarakimu hizo, ambazo wachezaji walizirusha kwa moyo wa kudunda, zilikuwa na kazi ndogo sana. Nguvu kubwa haikumsaidia mpiganaji kumpiga adui kwa urahisi zaidi. Faida yake ilikuwa kumwongezea asilimia 5 au 10 ya ujuzi anaoupata, yaani pointi zinazomkuza mhusika kadiri anavyoendelea kucheza. Afya njema iliongeza uhai kidogo, wepesi ulisaidia katika kutupa na kurusha silaha, na mambo karibu yanaishia hapo. Katika matoleo yaliyofuata sifa zilibebeshwa mzigo zaidi, na kadiri mzigo ulivyoongezeka ndivyo wachezaji walivyoacha kuvumilia tarakimu za kawaida. Kitabu cha mwendeshaji cha mwaka 1979 kiliruhusu kurusha dadu nne na kuiacha iliyo ndogo kuliko zote, kanuni ambayo huupandisha wastani kutoka 10.5 hadi kama 12.2 na kuifanya 18 itokee mara moja katika kila marusho 62 hivi badala ya 216. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilinyoosha mambo kwa kanuni moja: kila hatua mbili juu ya 10 zinaleta nyongeza ya 1, na kila hatua mbili chini yake zinaleta upungufu wa 1, nyongeza au upungufu huo ukitiwa katika dadu ya pande ishirini, ambayo kila tarakimu yake moja ni sawa na asilimia 5 ya uwezekano.

Kanuni hiyo ni safi, lakini ilifichua jambo la aibu kidogo. Kama nguvu ya 14 ina maana ya nyongeza ya 2 tu, na nguvu ya 15 nayo ina maana ya nyongeza ya 2 ileile, basi tarakimu kubwa iliyoandikwa katika karatasi imekuwa ganda, na kiini chake ni ile ndogo iliyo pembeni. Wachezaji wapya hupotea hapo kila siku: wanaambiwa watumie nguvu, wanajumlisha 15 na dadu, kisha wanasahihishwa. Ganda hilo lilihifadhiwa kwa sababu ya mapenzi ya wakongwe, si kwa sababu ya haja, na michezo mingine imelitupa bila kupoteza chochote. Apocalypse World wa D. Vincent Baker, wa mwaka 2010, huandika sifa kama tarakimu ndogo za kuanzia chini kidogo ya sifuri hadi 2 au 3, ambazo hujumlishwa moja kwa moja na dadu mbili; na mchezo wa Pathfinder, ambao ni tawi la Dungeons & Dragons yenyewe, uliacha tarakimu kubwa mwaka 2023 na kubaki na nyongeza peke yake. Anayebuni mchezo mwepesi leo hana sababu ya kulibeba ganda ambalo hata warithi wake wameshalitua.

Mfano bora wa wepesi ulitokea mapema sana, miaka mitatu tu baada ya Dungeons & Dragons. Mwaka 1977, Steve Jackson wa Texas alitoa mchezo mdogo wa mapigano uitwao Melee, uliouzwa kama kijitabu cha kutia mfukoni, ambao baadaye ulikuzwa ukawa mchezo kamili wa kuigiza wahusika. Mhusika wake ana sifa mbili tu, nguvu na wepesi. Kila sifa huanza na 8, kisha mchezaji hupewa pointi 8 azigawe apendavyo, hivyo jumla ya sifa zote mbili ni 24 kwa kila mhusika mpya. Hakuna kurusha dadu katika kumuumba, kwa hiyo hakuna anayezaliwa na bahati mbaya. Kuna uamuzi tu, na uamuzi wenyewe ni mmoja: pointi ngapi ziende huku na ngapi ziende kule.

Uzuri wa Melee umo katika kazi zinazopewa sifa hizo. Wepesi ndio unaoamua kama pigo limempata adui, kwani mchezaji hurusha dadu tatu na kufaulu iwapo jumla yake haizidi wepesi wake. Nguvu ina kazi mbili kwa pamoja, maana ndiyo akiba ya uhai inayopungua kwa kila jeraha mpaka mhusika anapokufa ikifika sifuri, na ndiyo pia inayoruhusu silaha, kila silaha ikiwa na kiwango cha nguvu kinachohitajika ili iinuliwe ipasavyo. Mtu mwenye nguvu 8 huweza kutumia jambia, linalojeruhi kwa dadu moja pungufu ya 1; mwenye 12 huweza kutumia upanga mpana, unaojeruhi kwa dadu mbili; na shoka kubwa la vita, lenye dadu tatu za majeraha, linamtaka mwenye 15. Deraya nalo, yaani vazi la vita, huzuia sehemu ya majeraha lakini humpunguzia mvaaji wepesi, na kwa hiyo hata vazi hurudi kwenye mizani ileile ya tarakimu mbili.

Sasa na wachukuliwe wahusika watatu wasiovaa deraya, na kanuni ndogondogo za ziada ziwekwe kando. Wa kwanza ni jitu lenye nguvu 16 na wepesi 8, likiwa na shoka la vita. Uwezekano wa kupata 8 au chini yake kwa dadu tatu ni 56 kati ya 216, karibu asilimia 26, na pigo lake moja huleta wastani wa majeraha 10.5, kwa hiyo kwa kila zamu linategemewa kusababisha majeraha kama 2.7. Wa pili ni mtu mwepesi mwenye nguvu 8 na wepesi 16, akiwa na jambia. Huyu hakosi ila mara chache sana, uwezekano wake wa kupiga ukipita asilimia 95, lakini jambia lake lina wastani wa 2.5 tu, na hivyo kila zamu inampa takriban 2.4. Wa tatu ni mtu wa kati, 12 kwa 12, mwenye upanga mpana. Uwezekano wake ni 160 kati ya 216, yaani asilimia 74, wastani wa pigo lake ni 7, na kila zamu inampa majeraha kama 5.2, karibu mara mbili ya kila mmoja wa wenzake. Mbunifu asiyepiga hesabu hii angedhani ameweka njia tatu zilizo sawa, kumbe ameweka njia moja yenye manufaa na mitego miwili ya kupendeza macho. Katika Melee deraya na silaha nyingine hupunguza tofauti hiyo, na ndiyo sababu mchezo wenyewe umedumu. Hata hivyo, hesabu hiyo ya dakika kumi ingepaswa kufanywa na kila mtu kabla hajachapa karatasi ya mhusika.

Hesabu hiyohiyo inafundisha kwamba pointi moja haina thamani moja kila mahali. Wepesi ukipanda kutoka 8 hadi 9, uwezekano wa kufaulu huruka kutoka asilimia 26 hadi 37.5, wakati kupanda kutoka 14 hadi 15 kunaongeza chini ya asilimia 5, kutoka 90.7 hadi 95.4. Kilima cha dadu tatu kimeinuka katikati na kimelala pembeni, na kila anayenunua sifa kwa pointi ananunua kipande cha kilima hicho. Wabunifu wamelijibu tatizo hilo kwa njia zinazopingana. Katika mchezo wa GURPS, ambao Steve Jackson huyohuyo aliutoa mwaka 1986, sifa ya 11 iligharimu pointi 10, lakini ya 15 iligharimu 60 na ya 18 ikafika 125, hivyo ubora wa kupindukia ukawa ghali ingawa faida yake kwenye dadu ni ndogo; toleo la mwaka 2004 la mchezo huo liliiacha ngazi hiyo na kuweka bei moja kwa kila hatua. Dungeons & Dragons ya mwaka 2014 inampa mchezaji pointi 27, kila hatua ikigharimu 1 kutoka 8 hadi 13, kisha 2 kwa kila hatua mpaka 15, ambayo ndiyo kikomo. Bei inayopanda hulinda mchezo dhidi ya mtu anayerundika kila kitu mahali pamoja, lakini inamtaka mchezaji asome jedwali kabla hajacheza, na kwa mchezo wa jioni moja jedwali hilo ni kero. Njia nyepesi zaidi, ambayo mchezo huohuo nao huitumia, ni kumpa kila mtu seti ileile ya tarakimu, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, akachagua tu ipi iende wapi.

Kurusha dadu ili kumuumba mhusika kungali na watetezi, nao wana hoja. Anayerusha hupata mtu ambaye hakumtarajia, na mara nyingine mtu huyo humfundisha kucheza tofauti na mazoea yake. Mchezo wa Traveller, ulioandikwa na Marc Miller mwaka 1977, ulilifikisha jambo hilo mbali kuliko wengine: mhusika hupitishwa katika miaka ya utumishi wa jeshini, katika meli za anga au katika biashara, dadu zikiamua alichojifunza, na katika toleo la kwanza aliweza kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza. Hilo linachekesha likisimuliwa, na linakera likimpata mtu aliyetumia nusu saa kuandika. Bahati katika uumbaji inafaa pale tu uumbaji unapochukua dakika mbili na wahusika wanapokufa kwa wingi.

Majina ya sifa nayo yana uzito, maana kuchagua sifa ni kutangaza mchezo unahusu nini. Traveller iliweka elimu na hadhi ya kijamii miongoni mwa sifa zake sita, kwa sababu ulimwengu wake ni wa himaya yenye mabwana na vyeo. Call of Cthulhu wa Sandy Petersen, wa mwaka 1981, ni mchezo wa kutisha, na tarakimu inayokumbukwa na kila aliyeucheza ni ile ya utimamu wa akili, ambayo hushuka kila mhusika anapokutana na jambo lisilobebeka. Pendragon wa Greg Stafford, wa mwaka 1985, unahusu mashujaa wa mfalme Arthur, na ndani yake mwenendo wa mtu hupimwa kwa jozi kumi na tatu za tabia zinazokinzana, kama vile ukarimu na uchoyo au huruma na ukatili, kila jozi ikijumlisha 20, kwa hiyo upande mmoja hauwezi kupanda bila mwenzake kushuka. Jozi hizo za Stafford pengine ndizo uvumbuzi mzuri kuliko wote uliotajwa katika mazungumzo haya, kwa kuwa zinamzuia mchezaji asiwe na kila fadhila kwa wakati mmoja.

Sifa mbili zimeleta ugomvi tangu mwanzo, nazo ni akili na mvuto wa haiba. Mhusika mwenye akili ndogo akichezwa na mtu mwerevu, ushauri anaoutoa mezani ni wa nani? Na mchezaji mwenye haya, aliyempa mhusika wake mvuto mkubwa, je, alazimishwe kutoa hotuba ambayo hana ulimi wa kuitoa? Hakuna kanuni iliyowahi kumaliza suala hili. Linalowezekana ni kulipunguza kwa kuzifanya sifa zihusu vitendo vinavyoamuliwa na dadu, kama kusoma nyota au kupatana bei, na kumwachia mchezaji mwenyewe mambo yote ya kufikiri na kuamua.

Upande wa mwisho wa wepesi unaonyeshwa na Lasers & Feelings, mchezo wa ukurasa mmoja ulioandikwa na John Harper mwaka 2013, unaohusu mabaharia wa chombo cha angani. Mhusika ana tarakimu moja tu, kati ya 2 na 5. Akifanya jambo la mashine, sayansi au utulivu wa akili, hutaka dadu ianguke chini ya tarakimu yake. Akifanya jambo la hisia, mapenzi au ushawishi, hutaka ianguke juu yake. Mwenye 4 ana pande tatu za dadu zinazomfaa katika mambo ya mashine na mbili katika mambo ya moyo, na ikianguka 4 yenyewe hupata ufunuo na kumuuliza mwendeshaji swali moja. Tarakimu hiyo moja inafanya kazi ya jozi nzima ya Stafford, kwa kuwa kila ubora unalipiwa na udhaifu wa upande wa pili, na mchezaji huuelewa kabla chai haijapoa.

Ili hoja isibaki hewani, na uchukuliwe mchezo wa kubuni kuhusu mabaharia wa jahazi katika safari za pepo za kaskazi na kusi, utakaochezwa kwa dadu mbili za kawaida zilizotolewa katika seti ya ludo. Swali la kwanza ni vitendo gani vitakavyohitaji dadu, nalo hujibiwa kwa kuorodhesha mambo yanayoweza kushindikana na ambayo kushindikana kwake kunaleta kisa: kupandisha tanga katika dhoruba, kuvuta nanga, kuona mwamba chini ya maji, kutambua mtu anayedanganya, kupatana na mwenye shehena, kuwatuliza mabaharia wanaonung'unika. Orodha hiyo ikitazamwa hujigawa yenyewe katika mafungu matatu, na sifa huzaliwa humo: misuli, macho na ulimi. Busara na afya hazimo kwa sababu hakuna kitendo kilichoziita. Kila mchezaji hupewa tarakimu tatu, 2, 1 na 0, azigawe katika sifa hizo, na mgao huo unaweza kufanywa kwa njia sita tofauti, idadi inayowatosha watu wa meza moja bila wawili kufanana.

Kisha kinachaguliwa kiwango cha kufaulu. Dadu mbili zina matokeo 36, na jumla ya 8 au zaidi hutokea mara 15, sawa na asilimia 42. Nyongeza ya 1 inaupandisha uwezekano huo hadi asilimia 58, na nyongeza ya 2 hadi asilimia 72. Tofauti hizo ndizo zinazotakiwa: mtaalamu anafaulu mara nyingi lakini hana uhakika, mtu wa kati anafaulu zaidi ya nusu, na asiyejua bado ana matumaini ya kutosha ya kujaribu. Kama kiwango kingewekwa 10, asiye na nyongeza angefaulu mara moja tu katika sita, na wachezaji wangejifunza upesi kukaa kimya mpaka zamu ya mtaalamu ifike, jambo ambalo huua mchezo kuliko kanuni yoyote mbovu.

Kuhusu uhai, ni busara kuanza na urefu wa mapambano unaotakiwa, kisha kuitafuta tarakimu. Ikiwa kila jeraha ni dadu moja, yenye wastani wa 3.5, mhusika mwenye pointi 10 za uhai ataanguka kwa mapigo matatu au manne, ambayo yanatosha kumwogopesha baada ya pigo la kwanza na kumpa nafasi ya kukimbia baada ya la pili. Akipewa 30, pambano litakuwa la kuhesabu tu, na meza itaanza kupiga miayo. Tarakimu zinazozaliwa kutokana na tarakimu nyingine, kama vile kujumlisha nguvu na afya kisha kugawanya kwa mbili ili kupata kasi, hazina nafasi katika mchezo wa ukubwa huu.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kuujaribu mchezo pamoja na watu ambao hawakushiriki kuuandika, mbunifu akinyamaza na kuweka alama kila sifa inapoitwa. Sifa isiyoitwa hata mara moja katika vikao viwili au vitatu ifutwe au iunganishwe na jirani yake, na ile inayoitwa kila dakika igawanywe, kwa kuwa wachezaji wameshagundua kwamba ndiyo pekee inayofaa kununuliwa. Wasikilizaji wenye hamu ya kutunga wasisubiri dadu za pande ishirini ziagizwe kutoka ng'ambo. Waanze na hizo mbili za ludo, na karatasi ya kwanza ya mhusika isizidi mistari mitano.